Nyasi Si Ardhi Tupu: Hima ya Mtume (S.A.W.) na Ndege wa Mbugani

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdillahi bin Mas'ud (R.A.) kisa ambacho walimu wa madrasa hupenda kuwasimulia watoto. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Alipokwenda haja, wenzake wakamwona ndege mdogo mwekundu mwenye makinda mawili, wakayatwaa yale makinda. Mama akaja, akawa anapigapiga mbawa zake karibu na ardhi kwa fadhaa. Mtume (S.A.W.) aliporejea akauliza ni nani aliyemtia ndege yule uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe.

Kisa hiki hufundishwa kuwa ni somo la huruma, na ndivyo kilivyo. Wiki hii, hata hivyo, tunaomba kukitazama kwa upande mwingine. Kumrudishia ndege makinda yake kunafaa iwapo kiota kingalipo, na majani yanayokisitiri yangalipo. Ikiwa mahali pa kiota pamekwisha kulimwa, hakuna mtoto mtukutu wa kukemewa wala mkono wa kuamriwa urudishe ulichotwaa. Kuna mwenye shamba aliyelima kwa haki yake, jirani yake aliyelima kwa haki yake, na jirani wa jirani. Na mwisho wa yote, ndege hana pa kutua. Kosa la namna hii halina mwenyewe mmoja, na kwa sababu hiyo halitibiki kwa mawaidha kwa mtu mmoja mmoja. Linahitaji watu wa eneo zima kukaa na kupanga.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika nyanda za juu za Kenya, baina ya safu ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa unaotazama Naivasha, kuna uwanda uitwao Kinangop. Ni nchi ya baridi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,400, na kwa asili yake ni nchi ya nyasi. Wamasai walilisha mifugo yao huko kwa vizazi vingi. Walowezi wa Kizungu wakaitwaa, wakafuga kondoo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wakulima wadogo wakapewa makazi, kila familia na ekari zake.

Katika nyasi hizo anaishi ndege ambaye Mwenyezi Mungu hakumweka katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Wataalamu wamempa jina la Sharpe, Mwingereza aliyekuwa mtunzaji wa ndege katika jumba la makumbusho la London. Sisi tutamwita kucha-ndefu, kwa kuwa ukucha wake wa nyuma ni mrefu kupita kiasi cha mwili wake, nao humsaidia kutembea juu ya majani. Mgongoni amefanana na nyasi kavu, na mtu anaweza kumpita kwa hatua chache asimwone. Akigeuka, kifua chake ni njano iliyokolea, kama kiini cha yai.

Kucha-ndefu ana masharti. Hataki msitu, hataki shamba la viazi, hataki vichaka. Anataka nyasi fupi za wazi zilizochanganyika na vishada vya nyasi ngumu, kwa kuwa katika zile fupi ndimo anamookota wadudu, na chini ya vile vishada ndipo anapojificha na kujenga kiota chake, ardhini kabisa. Uwanda ukipandwa viazi, kabeji au mikaratusi, hahamii shambani wala mitini kama ndege wengine wanavyofanya. Hutoweka tu. Ndiyo maana mashirika yanayofuatilia viumbe duniani yamemworodhesha miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Hapa ndipo penye uzito. Uwanda wa Kinangop una ukubwa wa takriban hekta 77,000, na karibu wote ni mali ya watu binafsi wenye hati miliki zao. Hakuna mbuga ya serikali ndani yake ambayo askari wa wanyamapori wangeweza kuilinda. Hatima ya kucha-ndefu imo mikononi mwa maelfu ya familia, ambazo kila moja ina ada za shule za kulipa. Baba mwenye ekari tano akiwagawia wanawe watano, kila mmoja hupata ekari moja, na ekari moja haiwezi kuachwa nyasi. Mwenye ekari moja hulima mpaka ukingoni. Tusimlaumu. Sisi wenyewe tungefanya nini?

Tena kuna jambo dogo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Ng'ombe wa maziwa hapendi vile vishada vya nyasi ngumu. Kwa hiyo hata mkulima aliyeamua kubakiza malisho huving'oa ili apate majani laini, na shamba lake kwa macho yetu ni la kijani, zuri, la nyasi. Lakini kwa kucha-ndefu ni nyumba isiyo na dari. Hii ndiyo tofauti kati ya kuhifadhi nyasi kwa jina na kuzihifadhi kwa kumjua anayekaa ndani yake.

Yapo yaliyofanyika. Wenyeji wenyewe waliunda chama cha marafiki wa uwanda wa Kinangop, wakawa wanahesabu ndege na kuzungumza na majirani zao. Jumuiya ya Nature Kenya, ambayo chimbuko lake ni chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909, ilinunua vipande vya ardhi ili vibaki nyasi. Huko Njabini watu walijifunza kusokota sufu na kufuma, kwa hoja iliyo rahisi kueleweka: kondoo hula nyasi na kuziacha fupi, sufu yake ina bei, na mwenye kondoo ana sababu ya kutolima malisho yake. Vipande vilivyonunuliwa ni vidogo mbele ya uwanda mzima. Kazi yake, kwa maoni yetu, ni kuwa mbegu na mfano. Haviwezi kuwa jibu. Jibu liko kwa majirani, tena majirani walioungana. Shamba moja la nyasi lililozingirwa na viazi pande zote nne ni kisiwa, na mashamba kumi yanayopakana yakiachiwa kila moja ukanda wa nyasi, kanda hizo zikagusana, ni nchi.

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi Waislamu, na wakazi wengi wa Kinangop hata si wenzetu katika dini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya Suratul-An'am, aya ya 38, inayotufahamisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma hauwi umma wa Waislamu au wa wasio Waislamu kwa sababu ya hati miliki ya shamba unamokaa. Ya pili ni kwamba mpango wa aina hii, wa kutenga malisho kwa ajili ya eneo zima na kuyawekea taratibu, tunao katika sheria na historia yetu tangu karne ya kwanza ya Hijra, nasi tumeusahau. Jina lake ni hima.

Kabla ya Uislamu, hima ilikuwa dhuluma ya wakubwa. Imesimuliwa kwamba mkubwa wa Kiarabu alipofika penye malisho mazuri alimpandisha mbwa mahali palipoinuka, akambwekesha, na mpaka pale sauti ya mbwa ilipokomea pande zote pakawa pake peke yake. Kisha mifugo yake ikatoka humo na kula pamoja na ya watu wengine katika malisho yao. Mtume (S.A.W.) akaivunja desturi hiyo. Hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Sa'b bin Jaththama (R.A.) inaifanya hima kuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake tu, na wanavyuoni wakaeleza kuwa maana yake ni kutengwa kwa maslahi ya umma, si kwa starehe ya mtu. Kwa msingi huo Mtume (S.A.W.) akayatenga malisho ya Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Mji wa Madina wenyewe aliufanya haram, na ndani ya mipaka yake hakuwindwi mnyama wala hakukatwi mti.

Sayyidna Umar (R.A.) akaongeza hima za Sharaf na Rabadha. Wosia aliompa Hunayy, huria wake aliyemweka kuwa msimamizi, umehifadhiwa katika Sahih Bukhari, na kwa yakini tungependa kila afisa wa ardhi na wa hifadhi katika nchi zetu ausome kabla hajachora ramani. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na ya Ibn Affan, yaani Abdurrahman na Uthman (R.A.), masahaba wakubwa kabisa na matajiri. Sababu aliyoitoa ni ya uchumi mtupu: mifugo ya hao wawili ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurudia, mifugo ya yule maskini ikifa, atakuja na watoto wake kwa Amiri wa Waumini, na hapo hazina italazimika kutoa dhahabu na fedha. Maji na majani, akaona, ni rahisi zaidi kuyatoa kuliko dhahabu.

Kisha akasema neno ambalo watawala hawapendi kulisema. Alikiri kwamba watu wa pale wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao, waliipigania zama za Jahiliyya na wakasilimu wakiwa juu yake, na kwamba lau si wale wanyama wa kupanda katika njia ya Mwenyezi Mungu asingewazuilia hata shubiri moja.

Tumekirefusha kisa hiki kwa makusudi. Katika Afrika yetu, neno hifadhi limewauma wengi. Wafugaji wameondolewa, vijiji vimehamishwa, na mara nyingine aliyefungiwa nje ni mwenye mbuzi saba huku mwenye fedha akiingia kwa tiketi. Wosia wa Umar umegeuza mpangilio huo: anayefungiwa nje ni tajiri, anayefunguliwa mlango ni mwenye kidogo. Na malisho yanalindwa kwa kuliwa kwa kiasi na kwa zamu. Elimu ya leo ya ndege wa mbugani nayo imefika hapo hapo kwa njia yake. Nyasi zisizoliwa kabisa hurefuka na kuingiwa na vichaka, na ndege wa nyasi fupi akaondoka. Nyasi zilizoliwa kupita kiasi hubaki vumbi, na ndege akaondoka vile vile. Mchungaji ni sehemu ya mpango. Anachoombwa ni kuujua wakati: asipeleke kundi kubwa penye viota msimu wa kutaga, asichome moto nyasi makinda yakiwa chini.

Hima ziliendelea Bara Arabu kwa zaidi ya miaka elfu moja, kisha katikati ya karne ya 20 nyingi zikafutwa malisho yalipofunguliwa kwa wote, na nchi iliyokuwa na majani ikachakaa. Nchini Lebanon, kuanzia mwaka 2004, jumuiya ya kuhifadhi maumbile ya huko imekuwa ikizifufua kwa kushirikiana na mabaraza ya vijiji, ya kwanza ikiwa Ebel es-Saqi, kusini mwa nchi. Vijiji hivyo vina Waislamu na Wakristo na Wadruzi, na neno hima limewakusanya wote kwa kuwa lilikuwa lao kabla ya kuwa la wataalamu. Hata kwetu pwani, wavuvi wa Misali, kisiwani Pemba, walikwisha kufundishwa uhifadhi wa bahari kwa misingi ya Qur'ani mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji wetu. Waislamu tunaijua fadhila ya kupanda mti. Ameipokea Anas (R.A.) hadithi kwamba Mwislamu hapandi mti wala hapandi mmea akala humo ndege, mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka kwake. Kwa hadithi hiyo misikiti na shule zetu huitikia kila kampeni ya kupanda miti, nasi tumezishangilia katika gazeti hili. Ila ni wapi? Mikaratusi au misonobari ikipandwa juu ya mbuga ya asili, ndege aliyekuwapo hali humo wala hakai humo. Amefukuzwa. Mbuga ya nyasi haikuwa msitu uliokatwa ukasubiri kurudishiwa miti. Aliyeiumba aliiumba hivyo, ikiwa na maua yake, wadudu wake na chemchemi zake. Mti upandwe mahali pa mti.

Kosa la kuziona nyasi kama ardhi tupu lina jina katika fiqhi pia. Ardhi mfu, mawat, ni ile isiyo na mwenyewe wala matumizi, na anayeihuisha huwa yake. Wengi hukomea hapo. Lakini mafakihi wengi wameeleza kwamba malisho yanayotegemewa na watu wa kijiji, na mahali wanapokata kuni, ni katika harim ya kijiji hicho. Hayahesabiwi kuwa mfu, na hakuna mtu wa kuja na jembe lake akadai ameyahuisha. Laiti kanuni hiyo ingekumbukwa katika mabaraza ya ardhi ya vijiji vyetu, ambako malisho ya wote huandikwa kuwa "pori" na kugawiwa mwekezaji.

Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zimeonja athari hiyo. Nyasi za Mufindi zilipungua kwa mashamba ya chai na ya misonobari. Zilizobaki Kitulo, kwenye uwanda ambao wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Huko hutaga mbayuwayu wa rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu. Hajengi chini ya paa za watu. Hushuka ndani ya mashimo ya ardhini, mengine yakiwa ya mhanga, na kubandika kiota chake cha udongo na majani ukutani mwa shimo, ndani ya giza. Mhanga akimalizwa na wawindaji, mbayuwayu naye hukosa nyumba.

Ndege huyu ni msafiri. Hutaga kusini, kuanzia Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako zimebaki jozi pungufu ya 100 kwa sababu ya mashamba ya miti. Na ifikapo Aprili huondoka kwenda katika nyasi za Uganda, Kongo na magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria, akarudi kusini mwezi wa Septemba. Tanzania ikilinda Kitulo kwa ukamilifu na nyasi za Uganda zikaisha, tumelinda kiota tukaharibu njia. Haombi viza, na hakuna wizara moja inayoweza kumhifadhi mwaka mzima. Kucha-ndefu anahitaji majirani wanaopakana kwa ua. Mbayuwayu anahitaji mataifa yanayopakana kwa mipaka. Hali zao ni tofauti, lakini wote wawili wanaangamia kwa tabia ile ile ya kila mtu kupanga la kwake.

Tunarudi nyumbani, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Katika nchi zetu familia nyingi za Kiislamu zina ardhi ya kurithi, na nyingi zina kipande ambacho hakikulimwa: bonde lenye majani, kilima cha kulishia, ukanda wa mto. Mirathi ni amri ya Mwenyezi Mungu na hatuna la kuiongeza wala kuipunguza. Kila mrithi apewe fungu lake. Ila mgao wa fungu na ukataji wa ardhi vipande vipande si jambo moja. Warithi wanaweza kukubaliana kwa ridhaa kwamba malisho yabaki ya ushirika, kila mmoja akiwa na hisa yake iliyoandikwa, na walime kwingine. Na mwenye mali angali hai na mwenye afya anaweza kulifanya bonde lake kuwa wakfu wa malisho kwa kijiji, na masharti akayaandika mwenyewe: lisilimwe, lisichomwe moto, walishe wenye wanyama wachache kwanza. Akiuachia wosia baada ya kufa kwake, usizidi theluthi. Tumezoea wakfu wa msikiti, wa kisima na wa minazi. Wakfu wa nyasi hatujauzoea, ingawa hatukuona sababu ya kisheria ya kutokuwapo kwake, na hima za Naqi' na Rabadha ziko mbele yetu.

Haya hayafanyiki msibani, siku ya arubaini, watu wakiwa na huzuni na mpima ardhi akiwa tayari amesimamisha chombo chake. Yanafanyika mzee akiwa bado anaweza kutembea hadi bondeni pamoja na wanawe na binti zake, akawaonyesha mipaka kwa fimbo, na kadhi au sheikh wa mtaa akaitwa kuandika. Majirani wanaopakana na bonde hilo waalikwe siku hiyo hiyo, wawe Waislamu au wasiwe, kwa kuwa ukanda wao wa nyasi ukiungana na huu, bonde litakuwa refu zaidi kuliko shamba la mtu yeyote kati yao.